Pini Moja ya Verlyn Skaar

Verlyn Orrin Skaar alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, katika nyumba ya shamba kilimani, nje kidogo ya mji wa Westby, Wisconsin. Alikuwa mtoto wa pili wa Orrin na Thelma Skaar. Theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga hakufika. Aliyempokea ni bibi yake, akamzungushia taulo la kukaushia ndoo za maziwa. Alibatizwa mwezi Mei, njia zilipopitika, katika kanisa hili tulimokusanyika leo.

Alisoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, kisha sekondari ya Westby, akahitimu mwaka 1968. Walimu wake waliandika kwamba ni kijana mtulivu. Mdogo wake Gaylord, aliyelala naye chumba kimoja utoto wote, anasema walimu hao hawakuwahi kumsikia akikoroma. Kiangazi cha mwaka huo baba yao alimpa Verlyn upinde wa mbao, akamfundisha kukaa upepo ukimjia usoni ili kulungu asinuse harufu yake. Akamwachia na sheria moja: kama hujui mshale wako unakwenda wapi, usiuachie.

Baada ya miaka miwili ya jeshi huko Ujerumani, alirudi nyumbani mwaka 1971 akaanza kuendesha lori la kukusanya maziwa mashambani. Aliliendesha hadi alipostaafu mwaka 2012. Alijua kila mbwa wa kila shamba kwa jina, na mbwa nao walijua ni mfuko gani wa koti lake wenye biskuti.

Tarehe 16 Juni 1973 alimwoa Ione Fremstad. Walionana mara ya kwanza kwenye karamu ya samaki ya kanisani, Ione akiwa kwenye meza ya kugawa. Verlyn alipanga foleni mara tatu. Baada ya harusi ndipo alipokiri kwamba samaki yule hawezi kuvumilia hata harufu yake. Walijaliwa watoto wawili, Renae na Curtis. Na kila vuli, kama wake wengi wa vilima hivi, Ione aligeuka mjane wa msimu: mume yuko hai, ila yuko msituni mpaka Januari.

Oktoba 2015 Verlyn alimjeruhi kulungu kwa mshale, na hakumpata. Majirani walifungua mageti wakamsaidia kufuata damu mpaka kijito cha chini, damu ikakatika. Alirudi peke yake kesho yake, na keshokutwa yake. Kisha akautundika upinde kwenye msumari wa gereji, akakaa dirishani. Msimu uliofuata ulipokaribia hakwenda hata kuangalia nyayo. Ione alituambia, "Mume wangu ananyauka mbele ya macho yangu."

Basi Agosti 2016 Ione akamtia mumewe kwenye gari, akamchukua na Gaylord, wakaenda kwenye duka la pinde. Wengi hapa mnajua kilengeo, kile kifaa cha kulengea kinachofungwa juu ya mpini wa upinde. Cha Verlyn kilikuwa na pini tano zenye ncha za rangi, moja juu ya nyingine, kila moja na umbali wake. Ione alikishika akachungulia.

"Hii ya kijani ni ya nini?"

"Yadi thelathini."

"Na yule kulungu, ulimpiga kwa ipi?"

"Sijui, Ione. Macho yalikuwa yameshazichanganya zote, nikaona mstari mmoja tu. Sijui, na ndicho kinachonila."

Muuzaji akaleta kilengeo cha pini moja, chenye gurudumu dogo ubavuni: unasoma umbali kwenye kipima umbali, unageuza gurudumu mpaka namba hiyo, pini inashuka au kupanda, na mbele yako hakuna kingine cha kukuchanganya. Gaylord alicheka. "Mzee, utakuwa unasokota hako kagurudumu kama redio ya bibi, kulungu ameshafika Iowa."

"Wewe una pini tano, na friza yako imejaa pitsa, si kulungu," Verlyn akamjibu.

Pini hiyo ilikuwepo nyembamba na nene: nyembamba haifichi mnyama, lakini giza likianza kuingia haionekani. Verlyn alizipeleka zote mbili mlangoni, akazitazama kwa muda mrefu, akachagua nene. Kisha akakirudisha kilengeo mezani. "Haina maana. Hizi namba za kipima umbali nazo sizioni. Nitageuza gurudumu kwenye nini?"

"Namba nitasoma mimi," alisema Ione.

Hivyo ndivyo mjane wa msimu alivyoingia msituni, akiwa na miaka sitini na tatu, amevaa buti za Curtis. Siku ya kwanza kulungu dume alipita karibu kabisa na kibanda cha turubai walimojificha. "Ishirini," Ione akanong'ona. Mshale ukapita juu ya mgongo wa dume, ukaingia kwenye mwaloni. Waliporudi kwenye gari Ione akasema, "Jana ulifanya mazoezi kwenye arobaini."

"Najua."

"Na gurudumu hukurudisha."

"Ione, najua."

Lakini alikuwa anatabasamu, maana safari hii alijua mshale ulikokwenda, na yule dume alikuwa mzima. Ione akatia tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye ishirini, gurudumu lilipotakiwa kukaa wakati wote. Kuanzia hapo hawakutoka nyumbani bila kuulizana. "Ishirini?" "Ishirini." Waliulizana hata wakienda kanisani. Novemba ile Ione alinong'ona, "Ishirini na saba," Verlyn akageuza, akavuta, na kulungu akaanguka palepale wakimwona. Verlyn alivua kofia. Soseji za kwanza alimpelekea Gaylord, ambaye kiangazi kilichofuata alikuja kuuliza, kwa upole sana, kama anaweza kukitazama tena kile kilengeo.

Julai mwaka huu madaktari walimkuta Verlyn na saratani ya kongosho. Kufikia Septemba hakuweza kuuvuta upinde. Waliendelea kwenda. Ione alipima na kunong'ona, Verlyn aligeuza gurudumu, akamtazama mnyama kupitia pini yake moja mpaka alipoondoka mwenyewe. "Huyo tumempata," alikuwa akisema, kisha anarudisha ishirini.

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, alikuwa kitandani nyumbani, Ione amelala ubavuni pake. Macho yalikuwa hayaoni tena. Akauliza, "Ni umbali gani?"

"Ishirini, Verlyn," alisema Ione. "Usiguse kitu."

Hakugusa. Alifariki kabla kengele za kanisa hazijalia.

Wamemtangulia wazazi wake na dada yake Arlys. Ameacha mke wake Ione, watoto wake Renae na Curtis, wajukuu watatu, mdogo wake Gaylord, na mbwa wengi wa barabara ya maziwa.

Apumzike kwa amani, na upepo umjie usoni.