Kivuli cha Kupitisha Jua

DADA: Haloo? Mama? Mbona unapiga mchana huu, umeanguka tena?

BANDO: Siyo Mama. Ni mimi.

DADA: Mimi ndiyo nani?

BANDO: Mimi Bando, dada. Mdogo wako. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Ngoja kwanza moyo urudi mahali pake. Simu ya Mama unaifanyia nini? Yako wewe, ile unayolala nayo, iko wapi?

BANDO: Imezimika.

DADA: Chaji?

BANDO: Joto.

DADA: Joto gani hilo la kuzima simu?

BANDO: La kivulini.

DADA: Hebu rudia.

BANDO: La kivulini, dada. Kivuli nilichojenga mimi. Usicheke —

DADA: Sijacheka.

BANDO: Utacheka. Nimejificha hapa nyuma ya tangi la maji, Mama kajilaza ndani, hajui kama nina simu yake. Na salio lenyewe ni la kukupigia wewe jioni, kwa hiyo —

DADA: Kwa hiyo sema! Nina cherehani mbele yangu na mteja kasimama mlangoni. Siku ile Mama alipoangushwa na jua barazani, mimi nilisemaje?

BANDO: Ulisema tangu mti wa mbele uanguke pale hapakaliki. Kama siweki kivuli, Jumamosi unakuja na gari, unambeba na kitanda chake, akakae kwako ghorofani.

DADA: Na wewe ukasemaje?

BANDO: [anakohoa] Nikasema, niachie mimi.

DADA: Haya. Umeachiwa. Umefanya nini?

BANDO: Nimeweka mabati ya plastiki. Yale ya kuonyesha.

DADA: Ya kuonyesha nini?

BANDO: Yanayopitisha mwanga! Dada, ungeiona ile video! Baraza linang'aa, watu wamekaa na vikombe vyao, wanacheka na meno yote. Nikasema ndiyo hii. Niliirudia mpaka fundi wa kuchomelea akaniuliza kama ni harusi ya ndugu yangu.

DADA: Bando.

BANDO: Naam.

DADA: Hao watu wa kwenye video walivaa nini?

BANDO: [mtandao unakwaruza]

DADA: Haloo? Nakuuliza walivaa nini?

BANDO: Masweta.

DADA: Eti?

BANDO: Masweta, dada! Na soksi! Mmoja ana kofia ya sufu mpaka kwenye masikio! Jana ndiyo nimeliona hilo. Wenzetu kule kwenye baridi wanaliota jua, wanalitafuta kwa tochi, wamejenga paa la kulikaribisha. Na mimi nimelikaribisha! Nimelifungulia mlango na kulivutia kiti!

DADA: [anacheka mpaka anapaliwa; kwa mteja] Samahani mama, nakuja, sketi yako iko kwenye mfuko wa bluu hapo... Bando, utaniua.

BANDO: Cheka tu. Mtaa mzima unacheka. Wanapaita Tanuri. Kuku aliingia, akasimama, akaniangalia, akatoka. Jirani amekuja kwa adabu zote kuniomba aanike mahindi yake.

DADA: Ukamwambiaje?

BANDO: Nikamwambia hapa ni mahali pa mapumziko. Akaniambia basi mahindi yatapumzika.

DADA: Na huyo fundi hakukuonya?

BANDO: Fundi alikuwa ananiangalia kama mtu anayemwona mbuzi anajipeleka sokoni mwenyewe. Ningemsikia saa ngapi? Nilikuwa narekodi! Nimeposti na sauti yangu nzito: "Karibuni kwenye kivuli cha kisasa." Watu wakanipongeza, dada. Watu ambao hawajakaa chini yake.

DADA: Na aliyekaa chini yake?

BANDO: Nani?

DADA: Usijifanye hujasikia. Mama anasemaje?

BANDO: Anasema pazuri.

DADA: Pazuri?

BANDO: "Pazuri mwanangu, pana mwanga." Tangu siku ya kwanza. Kila mchana anatoka na kiti chake, anakaa, anasalimia wapita njia. Mimi nikajua mambo safi. Nikasema kumbe wenye kelele ni kuku na majirani tu, mwenye nyumba karidhika.

DADA: Mchana wote anakaa hapo? Na presha yake ile? Nilijua. Mimi nilijua! Jumamosi ni mbali, nakuja kesho —

BANDO: Dada, subiri —

DADA: — gari nitalipata tu —

BANDO: Subiri! Hujasikia nilichokupigia!

DADA: Si umeshasema? Tanuri.

BANDO: Bado. Leo nilikuwa namrekodi. Mama amekaa, uso umelowa, anatabasamu. Simu ikawa ya moto, siwezi kuishika, ikanidondoka chini ya kiti chake. Nikainama kuiokota.

DADA: Ndiyo.

BANDO: Nikakuta beseni.

DADA: Beseni la nini?

BANDO: La maji. Lile dogo la kuoshea vyombo. Miguu yote miwili imo ndani, na sketi kaishusha mpaka chini, ukipita njiani huoni kitu. Na mgongoni kafungia kitambaa kibichi, ndani ya blauzi. Nikamwangalia, akaniangalia. Unajua alichoniambia? "Dada yako akipiga, mwambie kuna kivuli kizuri."

DADA: [kimya]

BANDO: Dada? Upo? Mtandao huu nao —

DADA: Nipo.

BANDO: Unalia?

DADA: Ni vumbi la vitambaa. [anapenga kamasi] Tangu siku ya kwanza, lilikuwepo hilo beseni?

BANDO: Mimi nitajuaje? Macho yangu yalikuwa kwenye simu.

DADA: Hapo angalau umesema ukweli.

BANDO: Sasa nimefikiria hivi: nang'oa plastiki, naweka bati la kawaida. Kuna video moja —

DADA: Ukinitajia video nakata simu. Bati chini kiasi kile ni mfuniko wa sufuria, umtoe Mama kwenye tanuri umtie chunguni.

BANDO: Turubai? Lile la bluu?

DADA: Linaziba upepo. Na jua likilipiga wiki mbili linachanika.

BANDO: Basi mimi sijui! Sijui, dada, nimeshindwa, mimi ni mtu wa kuota jua na sweta —

DADA: Bando, nyamaza. Wale jamaa wa miche pale njiapanda, miche yao wanaifunika na nini?

BANDO: Ile neti nyeusi?

DADA: Hiyo. Upepo unapita, jua linabaki juu. Inakunjwa mara mbili, inashonwa pindo, inatiwa vitundu vya kamba. Nipe vipimo.

BANDO: Vipimo vya nini?

DADA: Vya baraza, si vya kiuno chako!

BANDO: Urefu... ngoja nipime kwa miguu —

DADA: Miguu yako hiyo ya bata? Tafuta futi! Na kiti chake huwa kinakaa upande gani?

BANDO: Upande wa njia. Anasema huko kwako ghorofani atamsalimia nani, ndege?

DADA: Kasema hivyo?

BANDO: Kamwambia jirani. Mimi nilisikia tu.

DADA: Haya. Upande wa njia niongeze kipande kining'inie.

BANDO: Mvua je?

DADA: Mvua ikija ataingia ndani kama watu wengine. Hayo maplastiki mpe jirani, aanikie mahindi.

BANDO: Na ile niliyoposti?

DADA: Iache. Siku ukianza kujiona fundi uiangalie. Hiyo inayolia tii-tii ni nini?

BANDO: Salio hilo linakata roho — mama yangu, kaamka! Ananiita. Anauliza simu yake iko wapi, na naongea na nani!

DADA: Mwambie mimi. Mwambie Jumamosi nakuja.

BANDO: [kwa sauti ya chini] Dada, usije na gari. Nakuomba.

DADA: Nakuja na cherehani.

BANDO: Na nini? Unakatika —

DADA: Cherehani, wewe Bando! Na mwambie maji ya beseni ayamwage, asubiri ki —

[Simu imekatika.]