Irmtraud Köppen, Msomaji wa Majina Yaliyokatwa

Bi. Irmtraud Köppen alizaliwa Halle tarehe 9 Februari 1941, mtoto wa pekee wa mshona kofia, Bi. Elfriede Zschoche. Baba yake hakurudi kutoka vitani. Alisoma hapo hapo Halle hadi mwaka 1957, akajifunza kazi ya kuonyesha filamu, na kuanzia 1959 akaifanya miaka arobaini na minne katika ukumbi mmoja. Alipostaafu alizunguka na makopo yake ya filamu mji hadi mji.

Alipenda vichekesho vya mwanzo vya sinema zenye sauti, ambavyo hata sisi Wajerumani tumevisahau. Kipaza sauti kilifichwa kwenye chombo cha maua, basi ili wasikike, wachumba wakawa wanayatongoza maua. Hapo alikuwa hana mbavu. Mumewe, Bw. Volkmar, fundi saa aliyemwoa tarehe 17 Mei 1969, hakuona cha kuchekesha.

"Mke wangu, mzaha wa mwaka thelathini na moja umeshachacha."

"Basi kaa hapa uchache nao." Akakaa, kila Alhamisi.

Baada ya Wanazi kutwaa madaraka mwaka 1933, majina ya wasanii Wayahudi yalikatwa kwenye filamu hizo. Kwa hiyo marehemu aliyasoma kwa sauti kabla ya kuzima taa. Mwaka 2009, mtazamaji mmoja, Bi. Mirjam Aronheim, alisimama akasema yule mhudumu anayemwaga supu kwenye filamu si Egon Lachner, kama marehemu alivyosoma. Ni babu yake, Siegbert Aronheim. Lachner ndiye aliyepewa kazi yake alipofukuzwa.

"Nimemfukuza mara ya pili," marehemu alimwambia mumewe, akalia. Jina hilo la Lachner alikuwa amelisoma katika kumbi ishirini na sita. Alizirudia moja moja akisahihisha, ukabaki mmoja tu, wa mji wa Zwickau.

Januari 2018 saratani ya kongosho ilimlaza. Hofu yake ilikuwa kufa kabla ya kufika Zwickau. Tarehe 3 Machi alimtuma Bw. Volkmar, ambaye alikuwa hajawahi kuhutubia watu, akalisome huko jina la Aronheim.

"Umelisema vizuri?" alimuuliza aliporudi.

"Nimelisema mara mbili. Mara ya kwanza wa nyuma hawakusikia."

Alifariki nyumbani tarehe 6 Machi, akiwa na miaka sabini na saba.

Ameacha mume, binti yao Gesine, wajukuu wawili, na Bi. Mirjam Aronheim, aliyeomba aandikwe pamoja na wafiwa. Apumzike salama.