Mchi wa Tatu: Maisha ya Magloire Lubunga (1951–2025)

Magloire Lubunga alizaliwa Wamaza tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mzee Raphaël na mama Consolée. Alikua enzi ambazo wanawake watatu walitwanga katika kinu kimoja, na kijiji kiliamshwa na michi yao.

Alisoma kwa mapadri Kasongo hadi vita vya 1964 vilipofunga shule. Elimu iliyobaki aliitafuta mwenyewe, katika vitabu vya Kifaransa vilivyopoteza majalada.

Toka 1972 alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha pamba, hadi kiwanda kilipokufa. Mwaka 1976 alimwoa Victorine Feza. Mwaka 2018 walirudi Wamaza, yeye akatunza mtandao mdogo wa umeme: mashine ya maji mtoni na mashine moja ya upepo kilimani. Vinu vya unga vilipowashwa vyote pamoja, mapigo ya umeme, yaani kasi yake ya kupiga kila sekunde, yalilegea. Mashine ya upepo ilikuwa imepangwa kujitoa ikiona shida. Ikijitoa, kijiji kizima kinazimika.

Magloire alimwita mhandisi Chadrack. Kisha Magloire mwenyewe alizunguka siku nzima kutafuta kinu cha mti, amwonyeshe jambo. Vingi vilikuwa vimegeuzwa vya kunyweshea kuku. Victorine, Odile dada yake Magloire, na jirani yao Benita wakatwanga pamoja, mpaka Odile akasimama.

“Mikono yangu imekufa, kaka.”

Wenzake wakakaza. Mdundo haukuvunjika, naye akapumua, akarudi.

“Umeona, mwanangu?” Magloire alisema. “Mwenzao amechoka, hawakukimbia. Ile mashine yako, mwenzake akichoka, inabeba muchi wake inaenda kwake.”

“Sasa papa, upepo iko na mikono?”

“Iko na uzito. Mabawa yanazunguka. Acha yapunguze mwendo kidogo, ule uzito utasukuma umeme kwa sekunde chache, mpaka maji yafunguliwe zaidi.”

Chadrack alicheka, lakini akabadilisha mpango wa mashine. Umeme ukatulia.

Victorine alifariki mwaka 2021. Kisha watu wakanunua paneli za jua, kila nyumba na taa yake, wakajitoa kwenye mtandao wa umeme mmoja mmoja. Wengine walifuata dhahabu Salamabila. Magloire akabaki kwenye kibanda cha mashine, akisikiliza mapigo ambayo hakuna mwingine aliyeyajali.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024. Aliomba ukoo umpe mtu mmoja tu, ajifunze kazi na kukaa naye. Tulimpelekea salamu kwa simu. Tarehe 9 Juni 2025, asubuhi, Benita alimkuta kitini ameshakata roho. Kilimani mabawa yalikuwa yanazunguka.

Ameacha dada yake Odile; binti yake Elsa, wa Bukavu; wajukuu wanne, wawili hakuwahi kuwaona; na sisi ukoo, tuliojaa hapa msibani leo, wote kwa pamoja. Alipochoka yeye, kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kubeba mchi wake kwenda kwake.

Wa kwake uko chini, haujaokotwa. Mungu aipumzishe mikono yake.