Menia Irsara wa La Val na Saini za Watu Wengine

Ndugu waombolezaji, majirani wa La Val, na ninyi nyote mliopanda mlima na theluji yote hii,

Marehemu Menia Irsara alizaliwa tarehe 3 Februari 1930 hapa La Val, akaanza shule mwaka 1936 chini ya walimu wa Kiitalia, waliomchapa rula vidoleni kila neno la Kiladini, lugha yetu ya mabonde haya, lilipomponyoka. Desemba 1939, watu wa mabonde haya walipotakiwa wachague kubaki Italia au kuhamia Ujerumani, baba yake, Tita, alisaini kuhama kwa niaba ya nyumba nzima bila kumuuliza mtu, wakaenda Innsbruck, iliyokuwa chini ya Ujerumani wakati huo, wakarudi mwaka 1949 bila dada yake Tilia, aliyeuawa na bomu, na marehemu hakumsamehe baba yake mpaka anamzika.

Tangu 1951 hadi 1988 alikuwa mpishi wa shule, na mliosoma pale mnajua kwamba aliyeomba andazi la mchicha kwa Kijerumani aliambiwa, "Sikusikii mwanangu, njaa yako haijajua kusema." Aliolewa na Pire Dapunt tarehe 12 Mei 1956, wakajaliwa mtoto mmoja, Iaco, mwaka 1959.

Oktoba 1981, wakati wa sensa, Iaco alisaini fomu ya kutaja kundi lake la lugha ikiwa tupu, akamwachia mama aijaze, akaenda kukata mbao, akitegemea ataandikwa Mjerumani, maana kazi za serikali hugawanywa kwa lugha na za Waladini ni za kuhesabu kwa vidole. Mama alimwandika Mladini. Mwaka 1983 kazi ya reli ikampita, akamjia juu jikoni: "Babu alikusainia, ukalia maisha yako yote, na wewe umenifanyia yale yale!" Marehemu, akiendelea kumenya viazi, akajibu, "Nimekuandika ulivyo." Iaco akahamia Munich, asitamke tena Kiladini, na walipomzika Pire mwaka 1997, mama na mwana walipeana mikono tu.

Tarehe 9 Januari 2014 marehemu alipata kiharusi kilichomfutia Kijerumani na Kiitalia, akabaki na Kiladini peke yake, na daktari, asiyekijua, akamwita Iaco aje kusaini upasuaji wa kichwa. Iaco alipewa kalamu, akamwinamia mama, akamuuliza kwa lugha aliyokuwa ameapa kuisahau kama anautaka, naye akasema, "Usisaini. Nirudishe nyumbani." Akairudisha kalamu. Marehemu alifariki tarehe 12 Januari, adhuhuri, kitandani mwake, akiwa na miaka 83.

Wapo ndugu humu kanisani wanaonong'ona kwamba Iaco amelipa kisasi. Iaco ndiye anayewasomea, na anawasomea kwa Kiladini ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Familia inawashukuru madaktari waliokubali neno la mgonjwa, majirani walioleta kuni na supu, na wapishi wenzake wa shule.

Pumzika kwa amani, mama. Safari hii hakuna aliyekusainia.