Siku Benchi Lilipokuwa Nchi Tajiri

Mbele ya kibanda cha kinyozi kuna benchi la mbao, na mbele ya benchi kuna jiko la mkaa la Mama Birika, muuza kahawa. Asubuhi hiyo Kinyozi hakuwa na mteja, ila alikuwa na jambo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, alikuwa amekimbia vita na watoto wawili. Kinyozi aliwaachia chumba chake, naye akahamia kibandani. Kesho yake shemeji alikuwa anakwenda kuhojiwa na maofisa wa nchi moja tajiri, ambao wangeamua kama watampokea au la. Mkewe alipokuwa hai, Kinyozi hakuwahi kukata shauri bila kumuuliza. Safari hii akawauliza watu wa benchi.

— Hivi hawa matajiri wanataka kusikia nini?

— Hapo ndipo penyewe! alidakia Mzee Redio, karani mstaafu asiyebandua redio yake ndogo shavuni, utadhani anauguza jino. Wana vipimo vyao, bwana. Vita vikiwa karibu na kwao, mkimbizi anapokewa kwa maua. Vikiwa mbali, anapokewa kwa mbwa.

— Acha hizo, mzee! alipinga Wakili. Huyu alikuwa fundi bomba. Jina la Wakili alipewa kwa kuwa hajawahi kukubali kwamba amekosea. 

— Si umbali, aliendelea, ni picha. Vita visivyo na picha, kwao havijapigwa.

— Na silaha nani anauza? aliuliza Mama Birika huku akipuliza mkaa. Mtu anauza kiberiti, nyumba ya mwenzake ikiungua anafunga dirisha, eti moshi unamkera!

— Mwongezeeni Mama pointi! alipiga kelele Wakili. Lakini niwape siri. Kule wana mashine ya kupima machozi. Chozi likizidi, unaigiza. Likipungua, hukuteseka.

— Umeiona wapi hiyo mashine?

— Mzee, kila kinachotiririka kina mita. Mimi ndiyo kazi yangu!

Benchi lilicheka mpaka likayumba. Kinyozi hakucheka.

— Sasa alie au asilie?

— Alie jicho moja, alisema Wakili bila kusita.

Wakati huohuo shemeji mwenyewe akatokea uchochoroni, mikono imejaa povu la kufulia, kuja kuulizia sabuni. Wakili akasimama kama aliyeunguzwa.

— Huyo huyo! Tumfanyie mazoezi. Sisi ndio nchi tajiri, benchi hili ndiyo ofisi. Shemeji, karibu, kaa pale kwenye kreti.

Shemeji alimtazama Kinyozi. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, maana wazo lenyewe lilimpendeza. Mzee Redio alijifunga shuka la kunyolea likawa joho la uofisa. Mama Birika akajitangaza waziri wa misaada, kwa sababu kahawa ni yake. Kinyozi naye wakamsogeza katikati, kiongozi wa jopo.

— Kwa nini ulikimbia? alianza Mzee Redio kwa sauti nzito ya taarifa ya habari.

— Bomu lilipiga nyumba ya jirani. Ukuta wetu ukaanguka. Nikachukua watoto nikatoka.

— Nyumba ya jirani! Wakili alirukia. Kumbe yako haikupigwa. Wazee wa jopo, mmesikia? Haikupigwa!

— Kazi yako? aliendelea Mzee Redio.

— Nafundisha watoto wadogo kusoma.

— Aha, amekuja kuchukua kazi za walimu wetu! alidakia Wakili.

— Na kama ningekuwa sina kazi? aliuliza shemeji.

— Ungekuja kula bure! walijibu wote wawili kwa pamoja, wakapigana viganja.

Kinyozi akajikuta anatabasamu. Joho, sauti, namna kila jibu lilivyodakwa kabla halijatua: ilikuwa raha. Hata yeye akapata swali lake.

— Hapa ulipo si umeshapona? Una chumba, una shemeji. Unataka nini tena?

— Watoto wangu wana woga wa usiku, alisema shemeji. Na shemeji yangu analala kwenye kiti cha kunyolea. Kila asubuhi anageuza shingo pamoja na mabega.

Kinyozi alikuwa amemwambia kwamba kibandani kuna godoro. Aliinamisha macho, lakini mchezo ulikuwa umeshapamba moto, na Wakili hakumpa nafasi ya kusema kitu.

— Kwa hiyo ana mwenyeji! Mwenye mwenyeji hana shida.

— Mimi nina hoja bora, alisema Mzee Redio. Siku hizi hawafukuzi, wanalipa nchi nyingine maskini iwashikie wakimbizi. Aligeukia ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la mafundi baiskeli. Nyie! Tukiwaletea kahawa, mtatushikia mtu mmoja?

— Ina sukari? walijibu kutoka kule.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Birika akamimina nusu kikombe, akakiinua juu ili kila mmoja akione, halafu akakiweka mikononi mwa shemeji.

— Msaada wa nchi yangu! Pigeni makofi. Mkono wangu uonekane vizuri kwenye picha!

Wakapiga makofi. Mwendesha mkokoteni aliyekuwa anapita akasimama kutazama, akapiga makofi naye bila kujua ya nini.

— Tufunge kazi, alitangaza Wakili, sauti imemkauka kwa msisimko. Wanaosema asipokelewe, mikono juu!

Mikono ikapaa. Wa Wakili, wa Mzee Redio, hata wa waziri wa misaada, ukiwa bado na kitambaa cha kushikia birika.

— Wote! Amekataliwa kwa kauli moja! Nchi salama!

Walishangilia kama waliofunga bao. Shemeji aliweka kikombe chini, akangoja kelele zipungue.

— Nimeshindwa kwenye swali lipi? aliuliza.

— Ah, shemeji, alisema Wakili, bado anacheka. Huu si mchezo tu?

— Najua. Lakini kesho si mchezo. Nataka nijue nilipokosea, nikajirekebishe. Swali lipi?

Wakili akamtazama Mzee Redio. Mzee Redio akavua shuka la kunyolea, akaanza kulikunja taratibu, pembe kwa pembe. Mama Birika aliinamia mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

Kinyozi aliyarudia maswali kichwani, moja baada ya jingine, na la kwake likiwemo. Alitafuta jibu moja ambalo kama lingekuwa tofauti wangempokea. Alijaribu la nyumba, la kazi, la mwenyeji. Ndipo alipohisi bega linamuuma, akatazama juu, akaona mkono wake nao bado umenyooshwa.

Akaushusha.

— Hukukosea popote, shemeji, alisema.

— Kama sikukosea, aliuliza shemeji kwa upole, kesho nikajibu nini tofauti?