Joho la Dada Najat

Assalaam aleikum. Wazee wetu shikamooni, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono hapa Makorora, mimi ni Yasini, mdogo wake marehemu, tuliyechangia naye ziwa moja.

Dada yetu Najat binti Abdulghani Idarusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, Mwera, wilayani Pangani, mtoto wa kwanza wa mzee Abdulghani na Bi. Mwatumu, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, na wenzetu wa Mwera watakumbuka alivyomtetea mbuzi wa jirani aliyekula mihogo ya babu, akiwa na miaka tisa tu, mpaka babu mwenyewe akamwomba radhi mwenye mbuzi.

Alisoma sekondari hapa mjini hadi mwaka 2011, akachukua shahada ya sheria Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2015, na tarehe 15 Desemba 2017 akaapishwa kuwa wakili, siku ambayo Mama, figo zikiwa zimeshaanza kumsumbua, alisafiri kwenda kumwona amevaa joho.

Mwezi Julai 2018 zilimjia barua mbili katika wiki moja, ya kwanza kutoka ofisi ya mawakili iliyo jirani na mahakama, alikotamani kufanya kazi tangu akiwa mwanafunzi, maana huko angesimama mbele ya hakimu, na ya pili kutoka kampuni ya mkonge, iliyomtaka awe Afisa Sheria wake, kazi ya mezani, ya kupitia mikataba, lakini yenye bima ya kumtibu na mzazi, wakati Mama ameshaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Baba alimwambia asijibu kwa pupa, aswali istikhara kwanza, naye akaswali siku tatu, kisha akatukusanya uani akasema moyo wake umeelekea kwenye kampuni, sote tukasema alhamdulillah, na mimi huyu ndiye niliyemwambia kwamba Mungu akishachagua habishiwi.

Alifunga ndoa na ndugu Luay Khalifa wa Mabawa tarehe 21 Septemba 2019, wakajaaliwa binti mmoja, Nihal, mwenye miaka minne. Kazini alidumu miaka saba, joho likakaa kabatini, ila kila ikikaribia Idi alilitoa, akalifua na kulipiga pasi, nasi tukisema dada kwa usafi hajambo.

Mwezi Mei mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa hapa Tanga na Dar es Salaam, na jana Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa nane mchana, akatutoka.

Jana jioni nilimwuliza Bi. Shadya, rafiki yake waliyesoma naye sheria, tarehe mbili tatu za kuandika hapa, akashindwa kujizuia, akasema mbele ya Mama kwamba katika istikhara ile moyo wa Najat ulielekea kwa mawakili, siku zote tatu, ila alituficha ili Mama asije akajiona mzigo. Nilitaka kuliruka hili, lakini Mama, anayenisikia huko ndani, amekataa, amesema mwanawe alilibeba peke yake miaka saba, leo na tulibebe sote. Nisamehe, dada, inaniuma mno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Makorora na Mabawa, wafanyakazi wenzake wa kampuni, na Bi. Shadya, aliyetunza siri mpaka ikamshinda.

Mama ameniomba jambo moja tu, nisimalizie kwa cheo cha kazini. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pumzika kwa amani, Wakili Najat.