Carol Akeno na Faili la Kaikor

Mchungaji, wazee, waombolezaji mliotoka Kataboi, Kakuma, Kaikor na hapa Lodwar, ejok. Mimi ni Ekaale, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu kaka yetu mkubwa aliijaribu jana na hakuvuka mstari wa pili, na mimi ninayejulikana nyumbani kwa hasira nimeonekana nina macho makavu kidogo, basi mnivumilie.

Carol Akeno Lomunokol alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Kataboi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Josephat Lomunokol, aliyekuwa mwuzaji wa samaki wakavu, na Mama Rebeka Atiir, ambaye tuko naye hapa mbele. Alianza shule ya msingi Kataboi mwaka 1996, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2003, akasoma shule ya upili hapa Lodwar hadi 2007, kisha akafundisha watoto wa chekechea, na Septemba 2009 akaenda chuo kikuu mjini Eldoret kusomea sheria.

Mwezi Juni 2011 aliletwa kufanya mafunzo ya kazini katika Ofisi ya Utetezi wa Umma ya hapa Lodwar, ile inayowasimamia mahakamani washtakiwa wasioweza kujitafutia wakili, na hapo pana jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe leo, nami nilikataa mara mbili kabla ya kukubali. Alikabidhiwa faili la Erupe, mfugaji wa Kaikor, aliyekuwa rumande kwa shtaka la kuiba mbuzi wa jirani. Wazee wa huko walikuwa wamekaa, wakagundua kwamba mbuzi walichanganyika kisimani, jirani akaridhika, na wazee watatu wakasafiri siku mbili juu ya lori kuja kulisema hilo, kwa kuwa kwetu neno lililosemwa mbele ya kikao ndilo mkataba wenyewe. Carol akawaambia warudi wakalete barua yenye muhuri wa chifu. Wazee wakarudi, wakamkosa chifu, Agosti mafunzo yakaisha, Carol akapanda gari la Eldoret, na hakumwachia mtu hata karatasi moja ya kusema faili lile limefikia wapi. Erupe alikaa rumande miezi saba zaidi, hadi Machi 2012, na katikati ya miezi hiyo mama yake mzazi akafariki, akazikwa bila yeye kuwepo.

Dada yangu alikuja kuyajua hayo yote baadaye, na kuanzia siku hiyo hakuna alichokitaka zaidi maishani kuliko kusamehewa na mtu huyo.

Alihitimu mwaka 2013, akaapishwa kuwa wakili 2015, akaajiriwa na ofisi ile ile Februari 2016, akapewa kusimamia wanagenzi, kazi aliyoifanya kwa miaka tisa. Wanagenzi sabini na wawili walipitia mikononi mwake, na wengine nawaona pale nyuma, mmekaa mmenyooka kana kwamba bado anawatazama. Wiki ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kugusa kompyuta, ilikuwa ni kwenda rumande na kumwuliza kila mmoja ni nani nyumbani anayejua kwamba yuko pale. Siku ya mwisho mwanagenzi alisimama mbele ya yule anayebaki, akamtaja kila mteja kwa jina, mahali alipo na kinachosubiriwa, na mpaka anayebaki ayarudie yote bila kukosea, barua ya chuo haikutiwa sahihi. Walinung'unika sana. Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi alikokwenda kila Jumatano na ambako Bi Qamar alimtafsiria Kisomali, Barnabé, mwanagenzi aliyetoka Kongo, alimwambia mbele ya watu, "Mama Carol, siye tulikuya kusoma sheria, haiko kuandika majina ya batu," naye akamjibu, "Anza na jina, Barnabé, sheria haihami Kakuma leo." Barnabé sasa anasaidia wakimbizi wenzake kule kule, na nasikia ni mkali kumshinda mwalimu wake.

Tarehe 12 Desemba 2015 marehemu alifunga ndoa na Mwalimu Simon Ekiru katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nakiru aliyezaliwa mwaka 2017, na Lokwang aliyezaliwa 2020. Alikuwa mke mwenye upendo na mpishi mbovu, shemeji ameniruhusu kusema yote mawili.

Kuhusu Erupe, Carol alisafiri hadi Kaikor mwaka 2016 akiwa na mbuzi wa kuomba msamaha, Erupe akampa maji ya kunywa, ila akakataa kumpokea mbuzi. Alirudi tena 2019, na safari hiyo nilimsindikiza, nikasikia kwa masikio yangu Erupe akisema, "Mimi sina neno na wewe. Mama yangu ndio iko na neno, na yeye amelala." Mimi nilimchukia mtu huyo, nasema wazi mbele ya kanisa.

Februari 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Eldoret kwa mwaka mzima, akaendelea kusomewa mafaili kwa simu akiwa kitandani, hali ikazorota mwezi Aprili, akarudishwa Lodwar, na Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Tulikuwa tumetuma habari Kaikor mara mbili kwamba anaumwa, na Erupe hakuja.

Alifika juzi Alhamisi, tayari tumeweka turubai. Nilimzuia langoni nikamwambia amechelewa, akasema, "Najua," akanipita, akaenda kukaa na wanaume.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na Lodwar, majirani waliotuletea maji na kuni tangu siku ya kwanza, wenzake wa ofisini, mahakimu, wakalimani, na wanagenzi wote waliosafiri kutoka mbali. Mwisho tunamshukuru Mzee Erupe, ambaye jana alichukua sururu kutoka kwa vijana na kuchimba kaburi kuanzia saa tatu hadi saa tisa, akakataa kupokewa, na nilipompelekea maji shimoni, kwa aibu, aliniambia, "Ya mama yangu walichimba watu. Hii nimechimba mimi."

Dada yangu Carol, nenda kapumzike, na amani iwe nawe.